Ayoni Zisizo na Unene

Nadharia ya profesa kuhusu maji ya chumvi ilifanya kazi vizuri sana, mradi tu chumvi yenyewe isiwepo. Ukitia punje mbili tatu kwenye pipa zima, hakuna aliyemfikia. Ukizidisha kidogo, grafu yake ilikwenda kulia, vipimo vya maabara vikaenda kushoto, naye akavilaumu vipimo.

Wanafunzi walimwita Mzee Nukta, kwa sababu kwake kila ayoni, ile chembe yenye chaji inayoelea majini chumvi ikiyeyuka, ilikuwa nukta tu. Ina nguvu ya kuvuta na kusukuma, lakini unene haina, hata wa unywele. Uprofesa wake wote aliupata kwa nukta hizo.

Mwanafunzi wake wa uzamivu, Mama Pacha, alishamwambia mara nyingi kwamba ayoni zinahitaji nafasi. Habari za nafasi alizijua vizuri; kila usiku alilala kitanda kimoja na watoto wake pacha.

"Wewe andika ninachokwambia," Mzee Nukta alimjibu. "Bila sahihi yangu huhitimu."

Hapo hakuwa akitania. Bila sahihi hakuna shahada, na bila shahada ile kazi ya ualimu aliyoahidiwa ingekwenda kwa mwingine.

Basi siku ya kutetea utafiti wake, Mama Pacha akatii. Tena akatii mpaka mwisho. Mbele ya mtahini mgeni, mama mmoja wa makamo asiye na haraka, aliwasha kompyuta akaziachia ayoni zisizo na unene zitembee. Yenye chaji chanya ikaifuata yenye chaji hasi. Kadiri zilivyokaribiana ndivyo zilivyozidi kuvutana, na kwa kuwa hakuna iliyokuwa na mwili wa kuizuia nyingine, zikaingiana nzima nzima. Namba zikapanda, zikafura, kompyuta ikagoma.

"Mashine mbovu hiyo," alisema Mzee Nukta.

Ikaletwa nyingine. Nayo ikagoma vilevile.

"Umeme wa jengo hili, jamani!"

"Kwani umeme nao hauna unene, profesa?" aliuliza mtahini. Akamgeukia Mama Pacha. "Mwanangu, ukizipa hizo ayoni mwili?"

"Sijaruhusiwa, mama."

"Nimekuruhusu mimi."

Mama Pacha akaandika namba moja tu, ya unene. Safari hii ayoni ziligongana, zikarudi nyuma, zikaheshimiana. Mstari wa grafu ukapita palepale penye vipimo vya maabara, mpaka kule kwenye chumvi nyingi.

Mzee Nukta akakohoa.

"Si ndiyo ninayomwambia siku zote? Huyu binti mgumu kuelewa, sijapata kuona!"

Mama Pacha alikuwa na jibu la hilo, zuri, tena refu. Akalimeza.

"Kweli, mwalimu. Kichwa changu kizito."

"Na marekebisho haya yaitwe kwa jina langu."

"Bila shaka, mwalimu," alisema, akimsogezea kalamu na karatasi ya sahihi. "Anza kuliandika hapa."