Kimya cha Bi Pua

Jina la Bi Pua halikutokana na ukubwa wa pua. Ni mpelelezi wa ulaghai wa halmashauri, na risiti ya kughushi huinusa bahasha ikiwa bado imefungwa. Silaha yake ni moja tu: kimya. Anamkalisha mtuhumiwa, anakunja mikono, anamtazama. Mtu havumilii, mwenyewe anaanza kutapika yote.

Siku ya mafunzo ya usalama wa mtandao, Mkuu wa idara alifungua kwa mkwara. "Mpelelezi atakayenaswa na matapeli wa mtandaoni, simtaki kazini kwangu. Anahamia masjala, akapange mafaili!"

Bi Pua alicheka na wenzake, lakini kwa meno tu. Afungiwe masjala, yeye ambaye akikaa nusu saa tu miguu inamwasha? Heri aache kazi.

Maana asubuhi hiyohiyo ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu yake ya kazi: "Picha ya tapeli aliyemo idarani kwenu. Bonyeza uone." Mtu mwingine angeufuta. Bi Pua akasema, loo, ushahidi huo! Akabonyeza ili amkamate aliyeutuma. Ukafunguka ukurasa mweupe, hauna picha wala nini.

Mwalimu, binti mwembamba mwenye sauti ya chini, akasimama mbele.

"Ule ujumbe wa picha ya tapeli niliutuma mimi," akasema. "Ni chambo. Na humu ndani kuna waliobonyeza."

Kisha akakunja mikono, akanyamaza.

Feni ya darini ililia kwi, kwi, kwi. Bi Pua akajisemea moyoni: huu mtego ni wangu, naujua nje ndani, usifungue mdomo mwanamke wewe! Akatazama dari. Akatazama viatu vyake. Jasho likamchuruzika mgongoni.

"Nilikuwa napeleleza!" akaropoka. "Nilitaka kumkamata aliyeutuma!"

Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Basi umenikamata, mama," mwalimu akasema, naye mbavu hana. "Ila siku nyingine usiuguse, waite watu wa kompyuta kwanza. Na wala sikujua kama ni wewe. Mtambo unanipa idadi tu, haunipi majina."

Bi Pua alitamani ardhi ipasuke immeze. Kajichoma mwenyewe, tena kwa kisu chake! Aliiona masjala na vumbi lake lote.

"Idadi gani?" akauliza kwa unyonge.

"Wawili."

Watu wakaanza kutazamana. Mkuu peke yake hakumtazama mtu. Ghafla alikuwa na shughuli kubwa na kifuniko cha chupa yake ya maji.

Bi Pua akakigeuza kiti chake taratibu mpaka kikamwelekea Mkuu. Akakunja mikono. Akamtazama.

Feni ikaendelea kulia.

"Hayo mambo ya masjala," Mkuu akasema hatimaye, akijifuta uso kwa tai, "jamani, si nilikuwa natania tu?"