Mupira Uliolala Upande wa Lualaba

Wewe unayecheza biyari pale karibu na gare, kituo cha reli, umeshajiuliza sababu gani meza moja inarudisha mupira haraka, kama muntu anayeitikia salamu, na ingine inaupokea na kukaa nao? Ninawasikia vijana wakigombana: ni fimbo, ni mukono wa mwenzao Anaclet, ni pombe. Hapana. Angalieni ukingo, ule mubao wa pembeni uliofunikwa na kitambaa. Ndani yake kumelazwa mupira, ukanda mwembamba kama ulimi. Ukiwa umezeeka na kukauka, ukiwa umefungwa juu sana ao chini sana, ukiwa umepata baridi ya asubuhi, mupira unaokuja kuugonga hautarudi sawasawa.

Mumeona sasa? Nimesema mupira huku na mupira kule, na ni vitu viwili. Kwetu utomvu wa pori uliopikwa unaitwa mupira, na ile kitu ya kuviringika nayo ni mupira. Neno hilo moja karibu litunyang'anye Asumani, baba ya bibi yangu, kabla hata bibi yangu hajazaliwa.

Asumani alikuwa fundi wa mbao. Vita ya Waarabu na Bula Matari, serikali ya Wazungu, ilikuwa imekwisha si zamani. Hapa Kindu hakukuwa reli bado. Kulikuwa nyumba za watu waliotoka Nyangwe na Kasongo, mitumbwi iliyofungwa kando ya muto Lualaba, na magazini, duka la Muzungu mumoja, Bwana Louis. Huyo Bwana Louis alijiletea meza ya biyari kutoka Ulaya, vipande vipande, mara katika mutumbwi, mara juu ya vichwa vya watu. Mawe bapa ya uso wa meza yalifika, fimbo zilifika, mipira ya pembe ya tembo ilifika, myeupe inangaa. Lakini sanduku moja lilizama kwenye maporomoko, nalo njo lilikuwa na ukanda wa upande mumoja.

"Fundi," akasema Bwana Louis, "utaweka mupira ya hapa hapa. Mupira iko mingi."

Ilikuwa mingi, kweli. Watu walikuwa wanatumwa porini kuitafuta, na wengi walirudi na alama za fimbo mugongoni. Neno lenyewe lilikuwa linaogopesha. Asumani akachagua kipande kizuri, akakata ukanda, akachonga mubao wa kuushika. Kilichobaki ni kushona kitambaa cha kijani juu yake, na sindano nzuri kupita zote za Kindu ilikuwa ya Mama Jamila, mama ya muke wake Zawadi.

Sasa musikilize vizuri. Asumani hakwenda mwenyewe. Katika ukoo wetu, siku zile, mwanaume hakuwa anaongea na mama-mukwe wake, wala kumwangalia uso, wala mama-mukwe hakuwa anamwita kwa jina. Walikaa lupango moja, kiwanja kimoja, ukuta wa matete katikati, na maneno yote yalipita kwa Zawadi. Basi Zawadi njo aliyepeleka ule mubao, na mimba yake ya kwanza ikiwa mbele, kubwa tayari.

Mama Jamila alipoushika ule ukanda, ulinata kwenye vidole kama asali. Akahurumia kitambaa cha wenyewe: kitapata madoa. Akachukua sufi, ile anayojazia mito ya kulalia, akaitandika juu ya ukanda, unene wa kidole, kisha akashona. Mushono mumoja mzuri, hauoni uzi umeingilia wapi. Hakuna aliyemwambia aweke sufi, na hakuna aliyemwambia asiweke.

Meza ikasimamishwa barazani. Pande tatu ziliitika. Upande wa nne, ule unaotazama Lualaba, mupira ulifika na kulala.

"Fundi!" Bwana Louis akapiga kelele. "Huyu amekuja kugonga ao amekuja kulala?"

Waliokuwa wanapita wakacheka. Lakini kicheko kilikwisha Bwana Louis aliposikia kwamba mukubwa wa serikali wa Lokandu atakuja kwa mutumbwi siku ya Ijumaa, na kwamba anapenda sana biyari.

"Ijumaa meza ikiwa hivi," akamwambia Asumani, "Jumamosi utatoka na musafara wa Lubutu. Utabeba muzigo kama wengine."

Watu waliokuwa wamebeba mizigo kwenda Lubutu mwaka ule, wake zao walikuwa bado wanaangalia njia. Zawadi aliposikia, alikaa chini pale pale kwenye mulango, mwiko mukononi.

Asumani akaanza kutafuta. Aliweka sahani ya maji juu ya meza aone kama imelala sawa. Akaongeza kibao chini ya muguu mumoja, akapunguza mwingine. Mupira ulifika upande wa Lualaba, ukalala.

Mama Jamila alikuwa anapanda kutoka mutoni na mutungi wake wakati Bwana Louis anapiga. Akaona ule mupira unavyozama kidogo kwenye ukingo na kutulia. Akaelewa mara moja. Lakini woga ukamukamata: akitaja sufi, Muzungu atauliza nani aliiweka. Akafika nyumbani, akamwita Zawadi.

"Umwambie mume wako: mupira njo umelala."

Zawadi akapeleka maneno pamoja na bugali.

"Hata mimi ninaona umelala!" Asumani akasema. "Nani haoni?" Halafu akaacha kula. "Labda anataka kusema hauko duara vizuri."

Akaomba mupira mumoja magazini, akausugua na majani ya musasa mpaka ukangaa kama jicho la mbuzi. Kesho yake Bwana Louis akaupiga mara moja tu.

"Umemupamba kama bibi arusi," akasema. "Na bibi arusi amelala tena."

Habari zikarudi ngambo ya matete.

"Alisugua?" Mama Jamila akauliza. "Alisugua nini?"

"Mupira, mama. Si ulisema mupira?"

"Yoo! Si huo! Mwambie mupira wa ndani."

Angesema mupira wa ukingoni, shida ingekwisha pale. Lakini ukingo njo mahali sindano yake ilipita, na ulimi ulikataa kufika huko. Zawadi akapeleka alivyopewa: ndani.

Asumani aliwaza sana. Alijua pembe ya tembo. Ndani yake iko muzizi, ule mushipa wa pembe, na kama muchongaji hakuuweka katikati, mupira utakuwa muzito upande mumoja. Basi Alhamisi, jua likiwa bado juu, akakaa uani, akaubana mupira aliouomba tena kwa Bwana Louis katikati ya mbao mbili, akachukua keekee yake ya kutobolea, akatafuta mahali pa kuanzia.

"Unafanya nini?" Zawadi akauliza.

"Ninatoboa niangalie. Mama amesema shida iko ndani."

"Alisema hivyo?"

"Si wewe njo uliniambia?"

"Mimi niliambiwa ndani, sikuambiwa utoboe! Huo mupira umetoka Ulaya, Asumani!"

"Na mimi nitatoka Kindu, kama sikutoboa."

Ngambo ya ukuta, Mama Jamila alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Muchi ukasimama. Akachungulia katikati ya matete, akaona keekee imegusa pembe, akaona mukono wa mukwe wake unaanza kuvuta. Mupira ukitobolewa, hata Lubutu itaonekana ni huruma.

"Asumani! Acha!"

Jina lilikuwa limemutoka mudomoni. Asumani akaachia keekee ikaanguka. Akageuka upande wa nyumba, akainamisha kichwa, akajifunika uso na mukono wa kanzu.

"Baki hivyo hivyo, usigeuke," Mama Jamila akasema. "Si mupira wa kuviringika. Ni mupira wa ukingoni. Mimi njo nilishona, na niliweka sufi katikati sababu ulikuwa unanata. Mupira wenu unafika kwenye sufi, utafanya nini? Unalala, kama muntu."

Asumani akaanza kutikisika mabega. Zawadi akafikiri analia, akamusogelea. Alikuwa anacheka.

"Sufi!" akauambia ukuta wa nyumba. "Mama, mimi ninapima miguu ya meza na sahani ya maji, kumbe ni sufi!"

"Na mimi silali, ninaogopa hiyo sufi."

"Na mimi ninabeba maneno nisiyoyajua, na tumbo hili," Zawadi akasema, akakaa chini, na yeye akacheka mpaka akashika kiuno.

Kazi ikafanywa jioni ile ile, jua halijazama. Asumani alifungua ule mubao, akaupitisha chini ya matete. Mama Jamila akafumua, akatoa sufi yote, akapaka ukanda majivu ili usinate, akauvika nguo nyembamba ya merikani, kisha kitambaa cha kijani, akakivuta mpaka ukikipiga na kidole kinalia. Bila sufi, mudomo wa ukingo ulikuwa umeshuka. Asumani akaweka kibao chembamba chini yake, mpaka mudomo ukagusa mupira juu kidogo ya tumbo. Ukigusa chini, mupira unaruka. Ukigusa juu sana, unakandamizwa na kufa.

Ijumaa asubuhi Bwana Louis akapiga. Mupira ukaenda upande wa Lualaba, ukagonga, ukarudi, ukapita katikati ya meza. Haukuwa na nguvu za pande zile tatu za Ulaya. Kwenye baridi ulikuwa muvivu, saa sita ya mchana ukaamka vizuri. Lakini ulirudi.

"Ulifanya nini?" akauliza.

"Tuliondoa usingizi, Bwana."

Bwana Louis akacheka, hakuuliza zaidi. Mukubwa wa Lokandu akaja, wakacheza mpaka wakachoka, na hakuna aliyemwita fundi.

Jumamosi musafara wa Lubutu ukatoka. Wimbo wa wapagazi ulipita nyuma ya lupango, ukaenda ukipungua. Zawadi alikuwa amelala mchana kati, mudomo wazi, usingizi alioukosa wiki nzima. Asumani alikaa uani na randa yake, harandi kitu, anasikiliza tu ule wimbo unavyokwenda bila yeye. Ulipokwisha kabisa, akageuza mugongo kwa matete.

"Mama, aksanti. Kama si maneno yako ya mupira..."

"Acha mupira," Mama Jamila akamukata. Kisha akasema polepole: "Siku Muzungu alitaja Lubutu, nilianza kutafuta namna ya kukuambia kitu kimoja, na heshima ikanifunga kinywa. Nikatuma mupira. Nikatuma mupira tena."

"Kitu gani, mama?"

"Usiende, mwanangu. Nilitaka kusema hivyo tu. Usituache."