Vichwa vya Samaki Chini ya Uwatu

Mwanamme akistaafu, msimwachie koleo. Nakwambieni mapema, msije mkasema Jokha hakusema. Mume wangu Makame aliendesha basi hapa London miaka na miaka na hakuwahi kugusa hata kioo cha gari ya mtu. Kastaafu Januari, na Aprili haijafika katikati alikuwa keshanitia katika janga ambalo nusura linipotezee jirani.

Jirani mwenyewe ni Mama Bhavna. Jina lake Sushila, Mhindi wa Tanga, kaja nchi hii angali msichana na Kiswahili chake hakijaingia kutu hata chembe. Sisi tunapanga fleti ya juu hapa Kilburn. Fleti ya chini ni yake yeye na mumewe, Rajesh, na bustani ya nyuma ni yao. Tulipohamia tu, Rajesh aliniona nimepanda kotmiri dirishani ndani ya ndoo ya rangi, akaniita kutoka chini: "Bi Jokha, unaitesa kotmiri ya watu kwa nini? Shuka uchukue nusu ya tuta." Tangu siku hiyo tukawa tunalima pamoja, mie na yeye, na kila mwezi wa tatu tunagombana nani kapitisha mstari wake upande wa mwenzake.

Oktoba iliyopita Rajesh akafa. Moyo tu, asubuhi, anafunga viatu.

Mama Bhavna akatia komeo mlango wa nyuma, akashusha pazia la jikoni, asitoke tena. Mlango wa mbele ulifunguka kwa raha Jumapili tu, binti yake Bhavna alipokuja kutoka Harrow na vibakuli vya chakula. Mie nikishuka na uji, ananishukuru pale pale mlangoni. Kesho yake nalikuta bakuli kwenye ngazi, limeoshwa, nami najisemea uji umekwenda kwenye sinki huo. Alikonda mpaka bangili zikawa zinampanda kiwikoni.

Bhavna mtoto mzuri, Kiswahili anakisikia, ila anajibu kwa Kiingereza. Mwezi wa pili alinisimamisha kwenye ujia. "Anti, mama hali, mama hatoki," akasema. "Mwezi wa nne ukiisha yuko hivi hivi, namchukua kwangu, na hapa tutapauza." Hakusema kwa ubaya, alikuwa kachoka. Mama Bhavna kwangu si jirani wa salamu. Ni mtu pekee mtaa mzima ninayeweza kumsengenya mume wangu kwake kwa lugha yangu mwenyewe. Nilitaka abaki, na nilitaka ale.

Nikafikiri. Mama Bhavna ana udhaifu mmoja duniani, nao ni methi, sisi tunaita uwatu. Kila mwaka Rajesh alisia mstari wa kwanza mapema kuliko watu wote, na majani yakifika urefu wa kidole mkewe hutoka na sahani. Hachumi mtu isipokuwa yeye. Anayachuma, anakwenda kuyakandia kwenye unga, na harufu ya zile chapati inapanda mpaka kwetu, Makame anaanza kukohoakohoa ngazini mpaka aitwe. Basi nikasema nitalitayarisha tuta lote, langu na lake, pale pale chini ya dirisha lake la jikoni, na nitafanya hivyo kwa kelele.

Mwezi wa tatu London ni muongo. Leo jua, vijana wamevaa kaptula, kesho asubuhi majani yote meupe kwa baridi. Hivyo huna haraka, unatayarisha tu. Nikang'oa magugu, nikavunja mabonge, nikamwaga mboji kutoka pipa la Rajesh, nyeusi, inanukia mvua. Nikafunika kwa plastiki ili udongo upate joto. Juu kwangu nimepanga mbatata za mbegu kwenye trei za mayai dirishani zichipue, Makame hana hata pa kuweka kikombe. Na kila ninalofanya bustanini nalitangaza. "Sijui Rajesh alikuwa akiuanzia wapi mstari wa methi! Hapa? Au hapa?" Naiuliza hewa. Pazia kimya.

Siku moja nikafanya kusudi, nikaanza kuchora mstari upande wa kivuli. Pazia likasogea upana wa kiganja. Kidole kikagonga kioo, kikaonesha kulia. Nikahamia kulia, najizuia nisiruke.

Mie ni mpishi katika skuli moja, Jumatatu sharti niende kazini. Nikamwachia Makame kazi ya kufanywa na mtoto: toa plastiki, lainisha udongo kwa reki, sia uwatu, funika tena. Niliporudi kazi imekwisha, mstari umenyooka, na yeye kaoga kabisa. Nikamsifu. Nikamchemshia na chai ya tangawizi, mjinga mie.

Uwatu hauchelewi. Siku chache tu ukachomoza, mnene, kijani, sijapata kuuona hivyo miaka yote. Pazia likapanda nusu. Halafu asubuhi moja nainyunyizia maji miche, dirisha likafunguka, na sauti ambayo sikuisikia bustanini tangu msiba ikasema, "Jokha, maji mengi hayo, utaiozesha."

"Sawa, Mama Bhavna."

"Na usichume."

"Nichume? Nina wazimu mie?"

Dirisha likafungwa. Nikapanda juu mbio nikamkumbatia Makame. Akanitazama na uso wa mtu mwenye siri tamu. "Mkono wa fundi huo," akasema. Ningekuwa na akili ningemuuliza hapo hapo fundi kafanya nini.

Jumapili iliyofuata nikashuka asubuhi kutupa taka. Ncha ya tuta imefukuliwa, miche imelala huku na huku, alama za miguu ya mbweha kila mahali. Mbweha wa Kilburn hawana adabu, hilo twalijua. Lakini katikati ya majani kimekaa kichwa cha samaki, jicho wazi, kinanitazama.

"Makame!"

Akateremka na kikoi cha kulalia. Akakiangalia kile kichwa, wala hakushtuka. "Ah, kumbe wamevinusa."

"Wamenusa nini?"

"Vichwa. Nilitia ndoo nzima. Yule muuza samaki wa barabara kubwa huvitupa, nikamwomba. Mama yangu Pemba tungule zake zote alizipandia juu ya vichwa vya samaki, na tungule za mama uliziona, nyanya moja inajaza kiganja."

"Chini ya methi ya Mama Bhavna?"

"Unafikiri imenawiri kwa nini?" Akajivuna. Wallahi, alijivuna!

Sasa, Mama Bhavna hali samaki. Hali nyama, hali yai, hata keki haigusi mpaka aulize imetiwa nini. Ndiyo dini yake na ndivyo alivyolelewa. Makame anajua vizuri sana, kwani amekula kwake mara ngapi? Lakini kichwani mwake samaki ni samaki akiwa kwenye sahani. Akiwa ardhini, ni mbolea.

Nilivyomtazama ndipo akaelewa. Uso ukamshuka. "Kifukie tu," akaninong'oneza. "Hajaona. Jani ni jani, Jokha, halina samaki ndani. Atakula, atapata nguvu, atabaki. Si ndiyo unayoyataka?"

Ndiyo niliyoyataka. Nilisimama pale na kile kichwa ndani ya mfuko wa plastiki, na maneno ya Makame yakaniingia vizuri tu. Mama Bhavna alikuwa bado hajaamka, pazia limeshuka, asingejua mpaka kufa kwake. Lakini yule mwanamke, akininunulia peremende, husoma pakiti kwanza mpaka miwani inamtelezea puani, asije akanilisha kitu cha nguruwe. Siku moja alinipokonya biskuti mdomoni mbele ya wageni. Halafu mie nimlishe hivi, huku namtazama anatafuna? Siwezi. Bora akasirike aende zake Harrow.

Nikagonga mlango wake wa mbele kabla moyo haujanigeuka. Akafungua, sweta juu ya sari, macho ya usingizi. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, mbweha, ndoo, Pemba, yote.

"Vichwa vya samaki," akasema.

"Ndiyo."

"Chini ya methi."

"Ndiyo, Mama Bhavna."

"Kwenye tuta la Rajesh."

Akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningepumua.

Nikapanda, nikakaa kitako kwenye ngazi, nikalia. Jirani nimemfukuza kwa mkono wangu mwenyewe, ndivyo nilivyoona. Kisha nikaingia ndani kumfokea Makame, maana kulia peke yake hakukunitosha. Ndiyo kwanza nimefika kwenye tabia za ukoo wao, tukasikia kishindo chini. Kikarudi tena. Lilikuwa komeo la mlango wa nyuma, limeganda tangu msimu wa baridi, linapigwa na kitu kizito. Likaachia.

"Shemeji!"

Kilburn nzima ilisikia. Makame akarudi kinyumenyume mpaka kwenye trei za mbatata.

"Shemeji Makame! Shuka kabla sijapanda mimi!"

Tukashuka. Mama Bhavna kasimama katikati ya tuta, sari kaichomeka kiunoni, miguuni viatu vya mvua vya Rajesh vinampwaya, mkononi mchi wa kinu aliopigia komeo. Nywele hajazichana. Sijapata kumwona vile, na nilifurahi na kuogopa kwa pamoja.

"Una akili wewe?" akamwambia Makame. "Mboga yangu unaipanda makaburini?"

"Samahani, shemeji. Mama yangu kule Pemba..."

"Usinitajie mama wa watu! Mama yako alikuwa na jirani asiyekula samaki?"

Makame akainamisha kichwa. "Hakuwa naye."

"Basi chukua koleo. Vyote vitoke, nami nasimama hapa hapa."

Makame akafukua. Kila kichwa kikitoka, Mama Bhavna anageuza uso na kuziba pua kwa ncha ya sari, kisha anageuka tena kuhakikisha. "Bado hapo. Chimba, bwana! Unaukuna udongo mgongo?" Mie nimeshika mfuko, sithubutu kutia neno. Uwatu wote ukang'oka, ukalala rundo pembeni, na roho iliniuma kuuona, maana ulikuwa umependeza kweli.

Mara Mama Bhavna akaacha kufoka. Nikatazama, mabega yanamtikisika.

"Rajesh angekufa kwa kicheko," akasema. Halafu akasikia alichokisema, akaziba mdomo kwa kiganja.

Nikadhani anaanguka, nikamrukia kumshika. Anacheka na huku analia. Nami nikaangukia humo humo, tumekumbatiana ndani ya shimo, na Makame kasimama na koleo hajui aombe radhi tena au aite ambulensi.

Alipojifuta uso akaitazama bustani yote, pembe hadi pembe, na hasira zikamrudia upya. "Hii nanaa mbona imeingia kwenye vitunguu saumu? Nani kaliacha pipa la mboji wazi? Jokha, we ulikuwa unafanya nini huku siku zote hizi?" Nikamwacha aseme. Sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile.

"Cha tuta hili mwaka huu sili," akasema. "Lipumzike. Methi tutasia upya pale ukutani, kuna jua."

"Pale pamesakafiwa, shemeji," Makame akasema.

"Si patabomoka? Nguvu unazo, tumeziona." Akanigeukia. "Na mimi nina njaa. Ule uji wako unauzidisha sukari, lakini kauchemshe."

Sikuwa nimefika hata mlangoni, Bhavna huyo. Alikuwa amepita ndani ya nyumba kumtafuta mamake, akatokea mlango wa nyuma, kakumbatia maboksi makubwa ya karatasi ngumu, yamekunjwa bapa. Akamwona mamake katika tope, na viatu vya babake. Mdomo ukabaki wazi.

"Mama, uko nje," akasema kwa Kiingereza.

"Maboksi ya nini hayo?"

Bhavna akanitazama mie, akatazama chini. "Ya kufungia vitu, mama. Nilifikiri leo tuanze na nguo za baba."

Makame akaacha kuchimba. Mama Bhavna akatoka shimoni, akaenda mpaka kwa mwanawe, akalichukua boksi la juu. Akalifungua likawa pana, akalilaza juu ya udongo uliofukuliwa, akalikanyaga kwa miguu yote miwili, pembe baada ya pembe, mpaka likakaa sawasawa.

"Udongo hauachwi wazi," akasema, "magugu yataujaza." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Lete jingine."