Viti vya Nyuma

Funguo mbili ziligongana gizani, juu ya meza. Umeme ulikuwa umekatika tena hapa Dilala. Nilijua ni mume wangu, Gael, anazipima mkononi. Muuzaji alituachia jeep mbili uani, moja ya kifahari na moja ya kawaida, tuchague kabla ya misa ya kesho.

"Tukamate ya kifahari," akasema. "Bantu ba kanisani bataona kama na sisi tulifika."

"Tata Wivine," nikamwambia baba wa mtoto wangu, "tunanunua macho ya bantu?"

"Na wewe unataka ile ya kubebea mifuko ya bunga!"

Binti yetu Wivine ana ugonjwa wa SS, selimundu. Maumivu ya mifupa yakimshika tunamkimbiza hospitali Lubumbashi, na safari iliyopita alikaa wima ndani ya basi, analia mpaka sauti ikamwisha. Gari tulilitafuta kwa ajili yake. Gael alikuwa amejaribu usukani, redio, hata kiyoyozi. Viti vya nyuma hakuvigusa.

Nikambeba mtoto, nikatoka na taa. Jeep ya kifahari ilikuwa na viti viwili nyuma, kila kimoja peke yake, na kisanduku kigumu katikati. Nikamlaza, kisanduku kikamchoma mgongo, akakunja uso. Gael, aliyetufungulia, alisimama kando ya mlango wa gari, ameshika funguo zote mbili.

Nikamhamishia kwenye ile ya kawaida. Kiti chake cha nyuma kilikuwa kimoja, kirefu. Wivine akajinyoosha, kichwa mapajani mwangu.

"Tata," akasema, "hapa miguu yangu inaenea."