Mama Aliyeukimbia Mwezi

Kwenye ufuko wa Kimanga, hapa Uvira, pale wamama wanapoanika ndagala, hakuna aliyehitaji king'ora. King'ora kilikuwa Mama Émérance. Yeye akiinua kichwa, wenzake wanaacha kugeuza samaki. Akikaza kitenge kiunoni, watoto wanaitwa. Akikimbia, hata mwenye kidonda mguuni anakimbia, na maswali yanaulizwa huko mbele. Hakuwa mama wa kukimbia ovyo. Kila alipokimbia, risasi zilifika nyuma yake, wakati mwingine kabla hajamaliza kupanda kwenda Songo kule mlimani. Kuna watu wazima wanaotembea Kimanga leo kwa sababu ya masikio ya mama huyo, na hapo simpaki mafuta, kamuulize mtu yeyote wa avenue ile.

Sasa sikia aibu iliyompata.

Ilikuwa jioni, jua limeshajificha nyuma ya milima lakini mwanga bado unatosha kuchambua mchele. Madame Consolée, mwalimu wa fizikia, akashuka kwenye pikipiki na mzigo mrefu. Akasimamisha miguu mitatu ya chuma kwenye mchanga. Juu yake akafunga bomba jeusi, nene kama paja la mtu, na mdomo wa lile bomba akauelekeza juu kabisa, maana nusu ya mwezi ilikuwa utosini. Kisha, ili vumbi lisiingie, akalitupia turubai la kijani. Kijani, jamani. Rangi zote alizoumba Mungu, yeye kachukua ile ya jeshi. Halafu akachuchumaa nyuma yake, akawa anakaza skrubu.

Alitaka kuwashangaza watu kwa jambo zuri. Msimuone mjinga, amezaliwa Songo, na vita alivikimbia kama sisi sote. Lakini darubini ile alikuwa ameiomba kwa miaka kwa wapenda nyota wenzake wa Bukavu, wakamkubalia ikae Uvira ili watu wa ziwani nao waone mbingu kwa karibu. Mtu akipenda kitu namna hiyo, anasahau kinavyoonekana kwa mwingine. Consolée alipoitazama darubini yake, aliona mwezi.

Mama Émérance aliona mortie, lile bomba la kurushia makombora, limeshasimamishwa na mtu yuko nyuma yake anajiandaa.

Hakupiga kelele. Alikaza kitenge tu, na ufuko ukang'oka. Wamama, wavuvi, muuza mandazi na karai lake, wote wakapanda mbio kuelekea barabarani. Ndagala wa siku nzima wakakanyagwa wakawa kitu kimoja na mchanga. Ikirezi, mama kijana aliyeteremka kutoka Milima Mirefu vita vilipofika kwao na sasa anauza maziwa nyuma ya nyumba ya Émérance, alimwaga bidoni nzima ya maziwa na kuangukia goti, mtoto mgongoni. Aliinuka akaendelea kukimbia huku damu inamchuruzika, kwa sababu Mama alikuwa bado anakimbia.

Aliyewasimamisha ni Vainqueur, yule motard aliyekuwa amembeba Consolée. Aliwafuata na pikipiki yake mpaka juu, na alikuwa anacheka hata usukani unamshinda.

"Mama, rudini," alisema. "Ile kintu iko ya kuangalia mwezi."

Unajua watu wa Kimanga. Kicheko kwao hakilali njaa. Kesho yake Émérance alipofika ufukoni, kila aliyepita alikuwa na neno. Vainqueur ndiye aliyevuka mpaka, kila akipita alipiga honi na kuuliza kwa sauti ya huruma, "Mama, mwezi utatoka saa ngapi leo, tujiandae kukimbia?" Na wale waliocheka zaidi, angalia vizuri, ni wale wale waliokimbia nyuma yake mpaka wakapoteza ndala.

Kicheko aliweza kukivumilia. Amezika mume, amelea watoto wa wenzake, kicheko ni nini? Kilichomkata maini kilitoka kwa Ikirezi, tena kwa upole, wakati Émérance anamfunga lile goti kwa kitambaa.

"Mama, usikasirike," Ikirezi alisema akiwa ameinamisha macho, kwa heshima ya kwao. "Weye ukikimbia, minye nilikuwa nakimbia bila kuuliza. Ile siku ingine nitauliza kwanza."

Émérance alimaliza kufunga fundo, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na huko akalia. Alilia kwa hasira na kwa hofu. Anayeuliza kwanza anachelewa. Yeye alijua kuchelewa ni nini. Alijua majina ya waliochelewa. Siku ya kweli ikija, nao wakabaki wamesimama wanaulizana kama Mama amesikia mzinga au ameona mwezi, watakufa watu, na hilo lingekuwa juu yake. Heshima haikuwa shida yake. Alitaka ule ufuko uamini tena masikio yake, na hakujua atauaminisha vipi, maana huwezi kuomba vita vije ili uonekane mkweli.

Asubuhi akavaa kitenge cha kanisani, akapanda Songo kwa Madame Consolée, amejaa maneno. Alimkuta anaifunga darubini kwenye boksi. Macho ya mwalimu yalikuwa mekundu.

"Mama, unisamehe," Consolée alisema kabla hata ya kumkaribisha kiti. "Nairudisha Bukavu. Sikufikiri. Niliwaumiza."

Hapo yale maneno yote ya njiani yakabadilika mdomoni mwa Émérance. "Unairudisha? Na minye unaniachia nini? Ukiirudisha, nitabaki mama aliyekimbia mwezi mpaka siku ya kunizika."

"Sasa tufanye nini, Mama?"

"Uilete tena. Lakini uilete mchana, jua kali, bila ile turubai yako ya askari. Batu baione ikiwa imelala. Baishike. Kintu ambayo umeshika na mikono yako, huwezi kuikimbia tena."

Consolée akasema vioo vyake havitaki kuguswa na vidole. Émérance akasema basi, waguse pengine, bomba ni refu. Wakaangaliana. Mwalimu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na akaenda kuweka chai.

Mchana ule walitandika mkeka katikati ya ndagala, wakailaza darubini juu yake vipande vipande kama mtu anayefungua gari. Mwanzoni wamama walisimama mbali, kila mmoja akijifanya ana kazi na samaki wake. Émérance akaketi peke yake, akalichukua lile bomba akalilaza mapajani. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. Akalizungusha, akachungulia upande mmoja, akaona kioo. Upande mwingine, kioo. Akaligonga kwa ukucha.

"Mortie imefungwa chini," aliwaambia, kama mtu anayeeleza mapishi. "Na haina kioo. Hii, ukiitia bomu, utavunja tu vioo vya Madame, na mshahara wake mnaujua."

Wakacheka, safari hii pamoja naye, na wakasogea. Bomba likapita mkono kwa mkono. Mmoja akalipima kwa kulibeba kama anapima gunia la unga. Muuza mandazi akafuta mikono kwenye nguo kabla ya kulipokea. Lakini Ikirezi hakulipokea, alibaki ukingoni na mtoto wake, na Émérance alimuona akihesabu kwa macho njia ya kutokea.

Ndipo Émérance akafungua kitenge chake cha juu, kile cha maua ya njano, akalizungushia bomba lote akalifunga vizuri nyuma, namna tunavyofunga mtoto. "Hata ukiwa kule barabarani," akasema, "utajua hiki ni kitu cha wamama." Consolée akaona kitenge hakigusi kioo, akakubali. Na toka siku hiyo darubini ya Uvira huvaa, na ole wake atakayeivua.

Walichagua jioni ya mwezi kukaribia kujaa. Wageni wa mji wetu hawalijui hili: mwezi ukiwa mkubwa ndagala hawazifuati taa za wavuvi, kwa hiyo mitumbwi ile mikubwa ya kuunganishwa, inayoitwa apollo, inalala ufukoni, na wavuvi wanabaki nyumbani kuwasumbua wake zao. Nani aliipa mitumbwi jina la chombo kilichopeleka watu mwezini, sijui. Ninachojua ni kwamba mwezi ukiwaka haiendi popote. Basi siku hiyo ufuko ulijaa. Mwezi ulikuwa umeshapanda juu ya milima ya Burundi, ng'ambo ya ziwa, kabla hata jua halijazama upande wetu. Watu wakapanga mstari. Wenye watoto mbele, wavuvi nyuma, wakinung'unika kwamba wanapangwa kama kwenye chanjo. Vainqueur alikuja pia, akaegesha pikipiki na kukaa juu yake, kwa kuwa, kama alivyosema, mwenye pikipiki atawahi kukimbia.

"Mama aanze," Consolée akasema.

Émérance akainama. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Halafu mwanga mtupu. Halafu, mwalimu alipozungusha kitu kidogo pembeni, mwezi ukaja wote kwa mara moja, karibu kiasi kwamba alirudisha kichwa nyuma na kuangalia kwa macho ya kawaida kama bado uko mahali pake. Ulikuwepo. Akainama tena. Kwenye ukingo, pale mwanga unapoishia, kulikuwa na mashimo. Mashimo juu ya mashimo, mengine makubwa, mengine yamechimbika ndani ya mengine. Aliyajua mashimo ya namna hiyo. Alishawahi kurudi shambani kwake akayakuta.

"Madame," aliuliza polepole, bila kuondoa jicho, "huu nani aliupiga?"

"Mawe, Mama. Mawe makubwa kutoka juu. Yalikuwa yanaanguka zamani sana, kabla hakujawa na mtu."

"Ulipigwa hivi?"

"Ulipigwa vibaya sana."

Miaka yote Émérance ameuona mwezi laini kama sahani, na kumbe. Kitu kikamjaa kifuani, wala hakikuwa huzuni. Alifurahi. Alifurahi namna mtu anavyofurahi akikuta jirani aliyedhani ameshakufa anafagia uwanja.

Hapo ndipo kishindo kilipolia.

Kilitoka upande wa barabara, kikavu, kikubwa. Mstari wote ukainama kwa pamoja. Watoto walishanyakuliwa. Mvuvi mmoja alikuwa na mguu mmoja ndani ya maji. Lakini hakuna aliyeondoka, na hili nataka mlisikie vizuri: hakuna aliyegeuka kuangalia barabara. Ule umati wote, wamama na wavuvi na muuza mandazi na Vainqueur ambaye hata pikipiki alikuwa ameisahau, uligeuza uso kumwangalia Émérance. Ikirezi alikuwa wa pili kwenye mstari, mkono umeshika matako ya mtoto mgongoni, midomo imefunguka kidogo. Alisema atauliza kwanza. Hakuuliza. Alimwangalia tu, mwili mzima ukisubiri, na angekimbia naye hadi mji wa Baraka.

Émérance alisikia miguu yake mwenyewe ikitaka kuondoka. Moyo ulikuwa unampiga hadi masikioni, akauambia utulie apate kusikia. Mzinga ukilia, milima ya nyuma ya mji inaurudisha, mara mbili, mara tatu. Alisubiri milima. Milima haikusema kitu. Badala yake akasikia hewa inavuja, breki, mlango wa lori unafungwa kwa nguvu, na dereva akimtukana mtu aliyemuuzia tairi lile kama jipya.

Angeweza kusema. Angeweza kueleza ni tairi, na wote wangefurahi. Lakini alikuwa ameshaziona zile nyuso, zote, na amezielewa. Hawakuwa wameacha kumwamini hata siku moja. Basi akashika kitenge cha maua kwa mkono wa kushoto, akainama, akarudisha jicho kwenye kioo, akaendelea kuangalia mwezi.

Nyuma yake akasikia ufuko unashusha pumzi. Mvuvi akatoa mguu majini. Watoto wakawekwa chini, mmoja mmoja, na mtu akamwambia mwenzake asimruke kwenye mstari.

Émérance alichukua muda wake. Alipomaliza alijifuta macho, akasogea pembeni, na Ikirezi akamfungua mtoto mgongoni akamkabidhi mikononi mwake ili ainame vizuri, maana zamu ilikuwa yake.