Kitufe cha Kijani

"Nani amewaambia mimi ni kiziwi?"

Hiyo ndiyo salamu aliyonipa mama kwenye simu, Jumatano asubuhi, kabla sijaweka hata mkoba mezani. Nikamwambia shikamoo. Akaipokea haraka haraka, kisha akaendelea kuwaka. Tangu juzi, kila akifungua tableti ya nyumbani, anakuta matangazo ya vifaa vya kusikilizia. Akitafuta namna ya kupika supu, kifaa cha sikio kiko pembeni. Akiangalia kama mvua itanyesha, kiko juu ya mawingu.

"Na kuna bibi kizee ameshika sikio anacheka. Ananicheka mimi!"

Yule bibi namjua. Picha yake niliichagua mwenyewe.

Mimi ni fundi wa tovuti. Ofisi yetu ina meza tatu, feni moja na birika linalovuja, na wateja wetu ni biashara ndogondogo. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimelitengenezea duka la vifaa vya kusikilizia kile kisanduku kinachokurukia usoni ukifungua tovuti, kinachoomba ruhusa ya kukufuatilia ili matangazo ya duka yawe nawe kila uendako mtandaoni. Sheria inataka mtu aulizwe. Basi nikamuuliza, kwa ujanja wangu wote. Kitufe cha KUBALI ZOTE nilikipaka rangi ya kijani na kukifanya kinene. Njia ya kukataa niliificha nyuma ya maneno madogo, "chaguo zaidi", na humo ndani nikapanga kampuni arobaini na saba, kila moja imeshawekewa tiki. Chini kabisa nikaweka vitufe viwili: HIFADHI, cha kijivu kilichofifia, na ubavuni mwake kile cha kijani tena, kimenona vilevile.

Watu tisini na nne kati ya mia walikubali. Mwenye duka, ambaye sisi tulimwita Mkurugenzi kwa sababu alijiita hivyo mwenyewe ingawa ana wafanyakazi wawili tu, alinipigia makofi mbele ya bosi wangu. Nilitembea kichwa juu wiki nzima.

"Ni baba yako," mama akasema. "Amekwenda kunishtaki kwa hao wenye matangazo. Juzi kaniambia eti nanong'ona. Leo matangazo! Simsemeshi mpaka aombe radhi."

Tangazo la namna hiyo halitumwi kwa mashtaka. Linamfuata aliyefungua tovuti ya duka. Nyumba ile ina watu wawili na tableti moja, na mama hakuifungua tovuti ile. Hesabu hiyo ilikuwa nyepesi mno kwangu.

Jumamosi nikaenda gereji. Baba yangu pale haitwi kwa jina, anaitwa Sikio. Sifa hiyo aliipata zamani, alipokuwa akisimama hatua tano kutoka kwenye gari linalonguruma, anafumba macho, halafu anakwambia ni beringi ya gurudumu gani imekwisha. Wateja hupita gereji nne wakimfuata yeye. Siku hiyo nilimkuta ameinama chini ya boneti ya gari jeupe, na macho hakuyafumba. Kiganja chake kilikuwa juu ya injini, vidole vimetanuka, anapima mtikisiko. Nikaelewa kabla hajageuka.

Nilimvuta nyuma ya rundo la matairi.

"Baba, ulifungua tovuti ya duka la vifaa vya kusikilizia?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Nani kakwambia?"

"Matangazo. Yamejaa kwenye tableti."

"Yamejaaje? Mimi niliwakataa!" Uso ulimwiva kwa uchungu. "Niliingia mle ndani kabisa. Nikavaa miwani. Nikatoa tiki moja moja, zote arobaini na saba, dakika ishirini nzima, mpaka chai ikapoa. Mwisho nikabonyeza."

"Ulibonyeza kipi?"

"Cha kijani. Kile kingine kilikuwa kimekufa."

"Hakikufa, baba. Kilipakwa rangi ile makusudi."

"Basi aliyekipaka ana roho mbaya," akasema, huku akifuta mikono kwenye ovaroli. "Anakuacha ufanye kazi yote, halafu anaitupa jalalani."

Niliinamisha kichwa, nikavitazama viatu vyangu. "Ni mimi," nikasema.

"Ndiyo, ndiyo," akanijibu, akitabasamu na kutikisa kichwa.

Ilinichukua muda kugundua kwamba hakusikia kitu. Nilikuwa nimesema kwa sauti ya chini, uso nimeuficha, naye akanipa lile jibu lake la kila siku. Nyumbani sote tulilijua jibu hilo na tulijivunia: mzee wetu mpole, hana makuu, hapingi kitu. Sasa nikaanza kujiuliza ni ndiyo ngapi alikwisha kuzitoa bila kusikia swali, na nikaona aibu kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushangaa.

Nikainua uso, nikajaza mapafu. "NI MIMI NILIYEKITENGENEZA!"

Kwa bahati yangu mbaya, jirani yake, fundi wa matairi, ndiyo kwanza alikuwa amezima mashine ya upepo. Gereji nzima ikanyamaza.

"Umetengeneza nini?" akauliza yule fundi, kwa hamu kubwa.

"Hayakuhusu," baba akamjibu. Kisha akanigeukia. "Wewe?"

"Mimi."

"Dakika ishirini, mwanangu."

Ningefurahi zaidi kama angenigombeza. Baadaye akaniambia mengine, taratibu: kwamba sikio la kushoto limezibika kama miaka miwili sasa, la kulia linamfuata, kwamba wateja wakijua, watahamia gereji ya pili na ya tatu, na yeye kazi nyingine hana. Alitaka kwanza avione vile vifaa peke yake, bila mtu kumwangalia.

"Mama yako usimwambie."

"Lakini amekununia kwa sababu hiyo hiyo!"

"Nimeona. Usimwambie."

Ulimi ulikuwa tayari. Nilitaka kumwambia afikirie tena, ni kwa faida yake, aniachie mimi nitalisema vizuri. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga nilikwisha kuyatumia kazini, nikiwafunga watu wasitoke bila kukubali. Nikayameza.

"Sawa," nikasema, kwa sauti, nikimtazama.

Nilipitia nyumbani, nikaisafisha tableti mpaka bibi mwenye sikio akatoweka. Nilidhani nimetuliza mambo. Jumatatu mama akanipigia akiwa na furaha ya mtu aliyekamata mwizi.

"Yamekoma! Umeona? Amewaambia waache. Sasa nina ushahidi."

Kuanzia siku hiyo aliwasiliana na mumewe kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji. Baba alivisoma vyote na kuvitekeleza bila kosa. Nadhani hakuwahi kumwelewa mama vizuri kama wiki ile.

Mimi nikakirudia kisanduku changu. KUBALI na KATAA vikakaa ukurasa wa kwanza, rangi moja, ukubwa mmoja, na tiki hata moja sikuiweka kwa niaba ya mtu. Kufika Alhamisi, waliokubali walikuwa thelathini na wanane kati ya mia. Mkurugenzi akaja ofisini mwenyewe, akihema ngazi zote.

"Umeniua," akasema. "Umenizika kabisa!"

"Wateja wako wakiingia dukani, huwa wanasemaje?" nikamuuliza.

"Wanasema wamekuja kumwangalizia jirani."

"Wote?"

Akavuta kiti, akakaa. "Jana mmoja alikuja na kofia imefika kwenye nyusi," akakiri. "Akaniomba nifunge pazia kabla hajavua."

"Ukafunga?"

"Nikafunga, ndiyo. Ningemdhalilisha?"

Alikaa pale akilitazama birika linavyovuja, kisha akaondoka shingo upande, akinionya kwamba ananipa mwezi mmoja. Kisanduku kipya akakiacha.

Jumapili mchana nilikwenda kula nyumbani. Tulipomaliza, baba alikuwa bado mezani, mama yuko kwenye sinki ametupa mgongo, bomba limefunguliwa mpaka mwisho. Mama alinivizia na swali bila kugeuka.

"Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya. Sema leo. Nani aliyeyaita matangazo yale?"

"Siwezi kusema, mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeombwa nisiseme."

Sahani iligongwa kwenye sinki. Baba alikuwa akiutazama mdomo wangu, kisha mgongo wa mama. Mama akanung'unika kitu kirefu kuelekea ukutani, na nikaona tabasamu la zamani likianza kujengeka usoni kwa baba, ile ndiyo ikiwa njiani. Haikutoka. Alisimama, akaenda mpaka kwenye sinki, akafunga bomba.

"Sikusikia," akasema. "Hayo uliyosema sasa hivi, sikusikia. Miaka miwili sisikii vizuri. Matangazo yalikuwa yangu."

Mama akageuka, povu likimdondoka viwikoni. Nikaona hasira ikimtoka usoni na mahali pake pakiingia hesabu.

"Kwa hiyo nilipokuuliza habari ya dada yangu, ukasema ndiyo..."

"Dada yako ana nini?"

"Anahamia chumba cha nyuma. Na watoto wanne."

Baba akashika ukingo wa sinki. "Lini?"

"Ijumaa."

Nilijiuma mdomo nisicheke, na machozi yalikuwa yananilenga hapo hapo. Mama akafuta mikono. Akamsogelea mumewe mpaka wakatazamana ana kwa ana, na akasema polepole, akitamka kila neno, bila kupiga kelele.

"Dada yangu na wanawe wanne wanaomba kukaa hapa mwaka mzima. Unakubali?"

Baba hakujibu upesi. Alikitazama chumba cha nyuma, akanitazama mimi, akarudi kwa mkewe. Mama alimsubiri, wala hakumhimiza.

"Hapana," akasema. "Mwezi mmoja, nakubali. Mwaka, hapana."

Nilitazamia moto uwake upya. Mama akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akavuta cha pili kwa ajili ya baba upande wa sikio la kulia, na akaniomba nimpe simu ampigie dada yake.