Pua Ndani, Pua Nje

…nguzo nne au nguzo sita, fundi anauliza tena, nami nimechuchumaa hapa ukingoni mwa bustani nimeshika ncha ya futi yake, ile ya mwanzo, kwa sababu sifuri haihitaji kusomwa, asome mke wangu kule mwisho, "Mita kumi na moja na kidogo!" anapaza sauti, hizo ni mbawa, mbawa za kindege changu nazijua hata usingizini, miaka ishirini na sita… "Chukua sita, kapteni, banda lisilo na kuta si la kuchezea, upepo ukiingia chini ya paa unalibeba zima zima," kweli, huyu si mbabaishaji, amekuja na michoro miwili, mabati juu ya nguzo au turubai juu ya mabomba, nikaishika yote miwili, nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeona, na katikati ya kila karatasi lilikaa lile doa, jeusi, la ukubwa wa kifungo, nikilitazama banda, banda linatoweka, zinabaki pembe… daktari wa macho alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionikera, "Mzee wangu, kutembea utatembea, kusoma utasoma kwa taabu, ila kurusha ndege, basi tena," basi tena, nikaikunja barua yake nikaichomeka ndani ya daftari la safari, ambalo mke wangu hafungui, wiki ya tatu leo, mficha maradhi kifo humuumbua, mama alikuwa akitusema hivyo tukificha majipu, tukicheka, na siku wenye banda kubwa la kiwanjani walipotaka nafasi yao nilipaswa kusema, pale pale, tuiuze, mdomo ukawa mzito, yeye akanitangulia, "Ilete nyumbani, tutaiezekea hapa kando ya bustani," kando ikawa ndani, leo asubuhi ameng'oa matuta matano ya bilinganya, zilikuwa zimeanza kutoa maua, anang'oa huku anaimba, huku ananitania, "Mke mwenzangu acha aje akae hapa hapa, angalau nitakuwa namwona," nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka, nikamkazia macho usoni ili asishtuke, kumbe nikimkazia macho usoni ndipo simwoni, naona kitambaa cha kichwa na kidevu, katikati hakuna mtu, nikitaka uso wake inabidi nitazame bega, na bega silitazami akiwa ananiangalia, naiba nikiwa nimepewa kisogo… "Umelala, baba?" anauliza kule, "Vuta futi!" navuta, anarudia wimbo wake, matuta matano, bado matatu, ataanza nayo fundi akishaondoka, atayang'oa kwa ajili ya kitu kisichoruka tena, mimi ni mwoga, nimepita ndani ya mawingu yenye radi bila kutetemeka na hapa naogopa mwanamke aliyeshika futi… "Na pua, kapteni? Iangalie nje au ndani? Mkia wake mrefu, nijue paa liinuke upande gani," swali dogo la fundi, lakini mimi maisha yangu yote naegesha pua nje, mke wangu anajua, hata baiskeli yake nilikuwa namgeuzia ielekee mlangoni, pua nje maana yake kesho unaondoka, kiwanjani kwetu ukikuta ndege pua ndani ujue imefiwa, mwenyewe hayupo tena au harushi tena, yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza, "Ile nayo imefiwa na nani?"… sema nje, mdomo unataka kusema nje, naona jembe lake limelala juu ya tuta la sita, "Sita," nasema, "nguzo sita, na pua… pua ndani," "Ndani?" fundi anauliza, "Ndani," na kule mwisho kuimba kumekatika, futi imelegea mkononi mwangu, fundi anaandika, bado nimechuchumaa, bado nimeshika sifuri, nainua kichwa, na mbele ya macho yake, bila kujificha, natazama bega lake, ili nimwone uso.